Breki Mpya na Jicho la Mama Mkwe

Breki mpya zilianza kupiga kelele kabla sijatoka hata kwenye uwanja wa fundi. Ilikuwa Alhamisi baada ya vipindi, pale Somanda, mjini Bariadi, na nilikuwa nimempelekea pikipiki kwa sababu pedi za mbele zilikuwa zimekwisha kabisa. Alizitoa, akanionyesha zilivyobaki nyembamba kama ukucha, akafunga mpya, akakaza nati, akaniambia nizunguke kidogo nizijaribu. Nilizunguka kontena la jirani yake, nikabana, na gurudumu la mbele likatoa ukelele kama wa mwanambuzi aliyekanyagwa. Wateja wa chipsi ng'ambo ya barabara wakageuza shingo.

"Hiyo ni kawaida, mwalimu," fundi alisema huku akifuta mikono. "Pedi mpya na diski bado hazijazoeana. Zipe siku tatu, nne, zitanyamaza zenyewe. Ila kwa sasa usibane kwa kushtukiza."

"Lakini zinashika?"

"Zinashika kuliko zile za zamani. Kelele siyo ugonjwa."

Alisema kweli. Ninalitaja hili mapema kwa sababu baadaye walitokea watu waliomlaumu, na mimi niliwaacha wamlaumu kwa saa kadhaa, jambo ambalo linaniaibisha mpaka leo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Natoka Korogwe, nikapangiwa kazi Bariadi, nikaoa hukuhuku. Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha kwanza nikiwaeleza habari za msuguano: kwamba bila msuguano huwezi kutembea, huwezi kushika kalamu, huwezi kusimamisha baiskeli. Huwa nawaigizia mtu anayepita kwenye sakafu iliyomwagika mafuta, na darasa zima linacheka.

Wiki hiyo mama mkwe wangu alikuwa kwetu. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na hospitali ilitaka akae karibu ili waendelee kumwangalia. Kwake ni Migato, ambako anaishi na kuku wake na shamba lake tangu mzee alipofariki. Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiyepoteza maneno, na mimi nilikuwa namwogopa. Siyo kwa ubaya. Kwa Wasukuma, mwanamume na mama wa mkewe hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawakai pamoja wakabanana. Mke wangu alinifundisha hayo kabla ya harusi kama mtu anayemfundisha mgeni sheria za barabarani. Basi wiki nzima nilikohoa kabla ya kuingia kwenye ua wangu mwenyewe. Nilikula sebuleni, yeye akala jikoni na binti yake. Asubuhi nilisimama mlangoni nikiwa nimeinamisha macho, nikasema, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, naye akaitikia akiwa ameangalia pembeni. Mazungumzo yetu ya siku nzima yakawa yameishia hapo.

Ijumaa nesi wa kliniki ya macho alimwangalia akaridhika. Akamruhusu kwenda nyumbani, akampa dawa ya matone na miwani myeusi, akatuonya: vumbi lisiingie, asiinue mizigo, asiinamie moto, na kitu chochote kikali kisiguse lile jicho. "Kidonda bado kibichi," alisema. "Likiharibika sasa, hatuna la kufanya."

Jioni hiyohiyo mama akatangaza kwamba kesho anaondoka, kwa sababu watu wa kumpuria mtama walikuwa wanakuja Jumapili na hawezi kuwaacha uwanjani bila mwenyewe.

"Utampeleka wewe," mke wangu aliniambia. Alikuwa anamnyonyesha mtoto wetu wa miezi mitatu.

"Kwa pikipiki? Mimi na mama?"

"Bodaboda hapandi. Anasema wanaendesha kama watu wanaofukuzwa. Na lile gari la abiria la Migato limelala gereji tangu Jumatatu. Wewe unaendesha polepole."

"Atanishika wapi?"

"Hatakushika. Atashika keria. Nimeshaongea naye."

Ukweli ni kwamba kilichonisumbua zaidi ni ile kelele. Nilijiona nikipita sokoni na mama mkwe mgongoni, pikipiki ikipiga mayowe kila tuta, watu wakitutazama, naye kimya nyuma yangu akihesabu aibu za mkwe aliyemwoa binti yake. Jumamosi asubuhi nilimuuliza dereva wa bodaboda anayeegesha kwenye kona yetu.

"Rahisi hiyo," alinijibu. "Fungua, paka grisi kidogo nyuma ya pedi, upande wa bati. Itanyamaza."

Hata yeye hakukosea. Lakini kufungua kulihitaji spana ambayo sikuwa nayo, fundi alikuwa hajafika kazini, na mama alikuwa amekwisha simama uani na begi lake, kilemba kimefungwa, miwani usoni. Nikaingia chumbani, nikachukua chupa ya mafuta ya cherehani ya mke wangu, ile yenye mdomo mrefu mwembamba kama sindano. Nikachuchumaa kando ya gurudumu. Nikaupenyeza mdomo wa chupa nyuma ya pedi, nikadondosha tone, jingine, jingine. Upande wa pili vilevile. Nikafuta diski kwa kitambaa. Nilipoijaribu pale uchochoroni, mwendo wa miguu tu, ilisimama kimya kabisa. Nilijisifu moyoni.

Mama alipanda akakaa kiume kwa amri ya binti yake, kofia ngumu juu ya kilemba, begi akaliweka katikati yetu kama ukuta. Akanyoosha mikono nyuma akashika keria. Tukaondoka.

Kwenye matuta ya mwisho wa mji nilibana breki ya mbele, na pikipiki haikusikia. Mkono wa breki ulikuwa mgumu kama kawaida, kidole hakikuzama, kila kitu kilikuwa sawasawa, ila mwendo haukupungua. Tukaruka tuta. Nyuma yangu nilisikia, "Aah," sauti ndogo.

"Samahani, mayu."

Nikajiambia ni umande. Nikajiambia pedi mpya, hazijazoeana. Mbele kidogo mbuzi wakakatiza. Nikabana tena, tena hakuna kitu, nikashusha gia na kukanyaga breki ya nyuma, tukapita nusu hatua kutoka kwenye mkia wa mbuzi wa mwisho.

Hapo nilikwisha jua. Mafuta hayakubaki nyuma ya pedi. Yalikuwa yamechuruzika, gurudumu limeyazungusha, pedi zimeyanywa, na sasa nilikuwa nabana mafuta kwa mafuta. Nilijua kwa hakika, kama ninavyojua jibu la swali nililolitunga mwenyewe. Mtu mwenye akili angesimama. Lakini kusimama kulimaanisha kugeuka, kumtazama mama mkwe wangu usoni, na kumweleza kwamba nimeua breki kwa mikono yangu nikiwa na jicho lake bichi nyuma yangu. Niliogopa maneno hayo kuliko nilivyoiogopa barabara. Nikaendelea kwa gia ya tatu, halafu ya pili, lami ikaisha, vumbi likaanza, na kila tulipokaribia mteremko mdogo nilishusha gia mapema. Breki ya nyuma ilikuwa imechakaa. Nilikuwa nimepanga kubadilisha breki shuu zake mwezi ujao.

Kuna mteremko unaoshuka kwenye mto wa mchanga. Siyo mrefu, lakini juu yake hauoni chini, maana njia inajipinda. Kushoto ni korongo lililochimbwa na mvua, kina cha mtu mzima. Kulia ni ua wa minyaa wa boma moja, nyuma yake shamba. Katikati changarawe zinateleza kama maharage kwenye ungo.

Tulipomaliza kona nikauona mkokoteni. Ng'ombe wanne wanapandisha, pamba imejazwa magunia mpaka juu, mwanamume yuko mbele na fimbo, mkewe nyuma anasukuma. Walikuwa wameijaza njia yote.

Nilibana mbele kwa nguvu zangu zote. Kimya. Mpaka leo nikilala ndicho ninachokisikia, ule ukimya, gurudumu linazunguka kwa raha zake. Nikakanyaga nyuma, gurudumu likajifunga, mkia wa pikipiki ukaanza kwenda kwenye korongo. Nikaachia. Nikatia gia ya kwanza, injini ikapiga yowe, mwendo ukapungua kidogo, haukutosha. Yule mwanamume akainua mikono yote miwili. Niliona mapembe ya ng'ombe wa mbele, na ute unaoning'inia puani mwake.

"Mayu, nishike!"

Nikasikia begi linaanguka. Kisha mikono yake miwili ikanizunguka tumboni, ikafunga kama kamba ya mzigo, na uso wake ukajikandamiza katikati ya mgongo wangu. Nikakata kulia kwenye minyaa.

Matawi yalivunjika pande zote kama mabomba ya maji. Nilihisi baridi usoni na shingoni. Tukatokea shambani, gurudumu la mbele likagonga tuta la shamba, na tukalala ubavu kwenye udongo laini wa mtama uliovunwa. Injini ikazima. Mikono yake bado ilikuwa imenizunguka.

Nilifungua kiganja nikakiona cheupe. Maziwa ya mnyaa. Shati langu jeupe kwa utomvu, mkono mweupe, shavu linaanza kuwaka. Hata mimi mtu wa kuja nilikuwa nimekwisha ambiwa habari za mnyaa: utomvu wake ukiingia jichoni, mtu anaweza kupofuka, hata jicho lake likiwa zima. Hili halikuwa zima. Kofia ngumu ilikuwa imemtoka, na miwani myeusi sikuiona popote.

"Mayu, usifumbue macho! Usiguse uso! Usifumbue!"

"Sijafumbua," alisema, mdomo ukiwa bado mgongoni kwangu.

Nilijitoa taratibu. Alikaa chini, macho ameyafumba kwa nguvu, matone meupe kwenye kilemba, kwenye bega, moja kwenye kidevu. Nilitaka kulifuta lile la kidevu na mkono wangu ukafika karibu na uso wake kabla sijakumbuka kwamba mkono wenyewe ndio sumu. Nikaurudisha. Sikuwa na maji. Sikuwa na kitambaa kisafi. Nilisimama mbele yake nikiwa nimeinua mikono kama mtu aliyekamatwa.

Mke wa mwenye mkokoteni ndiye aliyefika kwanza, na dumu lao la maji ya kunywa. Alitazama mara moja akaelewa. Akanisukuma kando kwa kiwiko, akapiga magoti, akaanza kuongea Kisukuma haraka haraka, akavua kitenge alichojifunga mabegani, akaloanisha ncha, akafuta kidevu, paji la uso, pembeni ya pua, akimwaga maji kutoka ndani kwenda nje. Nilikwenda hatua tatu nikageuka nikawapa mgongo, kwa heshima na kwa hofu. Kisukuma changu ni cha salamu na sokoni. Nilichokishika ni neno moja tu, *liso*, jicho, na lilirudi tena na tena, wala sikuweza kujua kama linasemwa kwa heri au kwa shari.

Mumewe alikuwa amewatuliza ng'ombe na sasa ameinamia pikipiki yangu. Alipitisha kidole kwenye diski, akakisugua kwa kidole gumba, akanusa.

"Ndugu, hii ina mafuta."

Nikaangalia chini kama natafuta miwani.

"Fundi gani alikufungia breki?"

"Wa Somanda," nilisema.

"Huyo ni muuaji," alisema, akatema mate. Nami sikumsahihisha.

Lori la pamba lililokuwa linarudi mjini lilitukuta pale. Dereva alimkubali mama akae mbele, mimi nikapanda juu ya magunia, pikipiki tukaiacha kwenye boma lile. Njia nzima nilikaa nimetazama paa la kile chumba cha dereva, kana kwamba ningeweza kuona kupitia bati kama amefumbua macho au la. Shavu liliwaka moto na sikulijali. Nilifikiria namna watu wanavyomwongoza kipofu: fimbo, bega la mjukuu, mlango ambao daima anaugonga kwa paji la uso. Nilifikiria kwamba alikuja kwetu jicho likiwa na ukungu, akapasuliwa, akaanza kuona, na ni mimi niliyemrudisha gizani, siyo ugonjwa, siyo Mungu, mimi na chupa ya cherehani. Nilijaribu kuomba dua na maneno yakanipotea.

Hospitali tuliambiwa tusubiri kidogo, nesi wa macho yuko wodini. Benchi lilikuwa moja tu. Mama alikaa upande mmoja, kichwa kimeinuka, kope zimefungwa. Nilibaki nimesimama.

"Kaa," alisema. "Nakusikia unavyopumua."

Nikakaa mwisho kabisa wa benchi. Na pale, bila kupanga, nikasema.

"Mayu, siyo fundi. Ni mimi. Nilitia mafuta kwenye breki asubuhi."

Mfagizi akapita na ndoo yake.

"Kwa nini?"

"Zilikuwa zinapiga kelele. Niliona aibu kukubeba na kelele ile."

"Aibu," alirudia, kama mtu anayepima kitu mkononi. "Mimi nimezaa watoto sita huko Migato, fisi wanacheka nyuma ya zizi. Wewe ukaogopa nisisikie kelele ya pikipiki."

"Nisamehe, mayu."

"Ulipojua haishiki, ulijua wapi?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikiliogopa. "Kwenye matuta," nilisema. "Kabla ya lami kuisha."

"Na hukusimama."

"Sikusimama."

Hakunisamehe pale. Sitaki kudanganya. Aliuma midomo, akageuzia uso wake uliofumba upande wa dirisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nimekushika."

"Ndiyo, mayu."

"Hofu haina mkwe."

Nesi alikuja akamwingiza ndani, akaacha mlango wazi. Alimwosha upya kwa maji mengi, chupa baada ya chupa, kisha akamwambia afumbue. Nilishika fremu ya mlango. Alimtia matone ya rangi ya manjano, akazima taa, akamulika jicho kwa kitaa chenye mwanga wa bluu, karibu kabisa, akasogea, akarudi, akatazama tena. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nilijaribu kusoma mgongo wake, kama mwanafunzi anavyosoma mgongo wa mwalimu anayesahihisha karatasi yake.

Akawasha taa. Akaliziba jicho la kushoto, akainua mkono. "Mama, vidole vingapi?"

"Vinne."

"Na sasa?"

"Viwili. Na yule pale mlangoni ana majani kichwani."

Nilikwenda nje nikachuchumaa ukutani. Nesi alinifuata akanikuta nalia, akanisema kweli kweli, sauti ya mtu mzima kwa mtoto. Kwamba utomvu ungefika kwenye kile kidonda, asingeona vidole, asingeona mkono. Kwamba umemgusa mpaka kwenye nyusi. "Uso wake ulikuwa umefichwa na kitu," alisema. "Kilemba kimechafuka pembeni na nyuma tu." Sikumwambia ulikuwa umefichwa na nini. Alinisafisha shavu, ambalo lilikuwa limetoka malengelenge, akanipa dawa ya kupaka.

Jioni nilikwenda kwa fundi. Habari zilikuwa zimenitangulia, watu wa bodaboda wanapigiana simu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake, hana kazi mkononi, wanaume wawili wamesimama karibu naye.

"Mwalimu," aliniambia kabla sijasalimia, "nilikosea wapi?"

Nikamwambia mbele ya wale wawili, kila kitu, chupa, matone, tuta la kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika kama nilivyotegemea. Alipumua tu, mabega yakashuka. Siku mbili baadaye alifika mwenyewe hadi kwenye lile boma na spana zake, akazitupa zile pedi zilizolowa, akasafisha diski kwa petroli na msasa, akafunga nyingine.

Mama aliondoka wiki iliyofuata kwa gari. Mtama wake majirani walikuwa wamekwisha upura. Jicho linaona. Bado tunasalimiana mlangoni, macho pembeni, na siku hizi anaongeza neno moja au mawili, kuhusu mvua au kuhusu mtoto.

Lakini hofu yangu kubwa ilikuja nikiwa salama, Jumatatu ya baada ya ajali, nikiwa nyumbani nimekaa sebuleni nasahihisha madaftari. Mke wangu alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni, anamwimbia. Nikakumbuka kwamba Ijumaa, kabla ya kulala, mke wangu alikuwa amebadili wazo, tukapanga twende wote. Mke wangu katikati na mtoto kifuani, mama nyuma ameshika keria, kama watu wengi wanavyopanda huku. Mtoto aliamka Jumamosi na mafua, mke wangu akasema, "Acha leo tubaki." Ni hayo tu, mafua. Kalamu nyekundu ilinianguka. Nilinyanyuka nikaenda kusimama kando ya beseni, nikaomba nimshike mtoto, naye mke wangu akaniuliza mbona mikono yangu ni baridi hivyo.